Koili Sita za Upande wa Kushoto

Fundi Koili hakuwahi kufunga boksi la spika bila kuipima spika kwa betri. Alichukua betri ndogo ya saa ya ukutani, akagusisha waya mwekundu upande mmoja na mweusi upande wa pili, kisha akainama kuitazama karatasi ya spika. Ikiruka mbele, koili imeviringishwa sawasawa. Ikirudi nyuma, imeviringishwa kinyume, na kazi yote inafumuliwa ianze upya. Kipimo chenyewe hakichukui hata muda wa kupiga chafya. Alifundishwa na marehemu baba yake, aliyekuwa fundi redio, na mzee huyo alikuwa na maneno yake: "Spika zikiwa mbili, zivute pumzi pamoja na kuitoa pamoja. Moja ikivuta wakati mwenzake anatoa, zinakulana, na msikilizaji anabaki kulamba midomo."

Jina la Koili alibandikwa na wateja. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu, kilichobanwa kati ya duka la rangi na kibanda cha mchonga funguo, na humo alishinda akiviringisha waya wa shaba mwembamba kama unywele kwenye mrija wa karatasi, akihesabu mizunguko kwa midomo bila kutoa sauti. Akikosea hesabu, anaanza moja. Ndiyo maana mchonga funguo aliwaonya wateja wageni, "Ukimsalimia Koili asubuhi, utaitikiwa jioni."

Aliishi na mdogo wake, mwanamke wa miaka ishirini na tisa aliyepiga pasi mashuka katika dobi la hoteli kubwa. Mdogo huyo hakusikia. Homa ilimchukulia masikio akiwa na miaka minne, na baba yao, badala ya kukaa kulia, alimweka kwenye stuli ya karakana na kumshikisha viganja kwenye kila spika iliyokuwa inapigwa. Mtoto akajifunza kusikia kwa mikono, kisha kwa mbavu, kisha kwa kifua. Kabla hata hajapelekwa shule ya lugha ya alama, alikuwa ameshampa baba yake jina: alichora duara linalojisokota kwenye kiganja chake, kama koili inavyojisokota. Huyo ndiye baba. Mzee akalipenda jina lile kuliko lile la kwenye kitambulisho, akawa analichoma kwa chuma cha kulehemu nyuma ya kila boksi alilotengeneza. Wateja walidhani ni konokono. Hakuwasahihisha.

Sasa tufike kwa Profesa.

Profesa hakuwa profesa wa chuo chochote. Alipewa jina hilo kwa ajili ya miwani yake na tabia ya kufafanua mambo ambayo hakuulizwa. Alikuwa dijei. Miaka minane iliyopita aliingia karakanani na spika moja iliyochanika na ndoto moja kubwa: kupiga muziki wa mashine, ule usio na mwimbaji wala kibwagizo, mdundo unaoshika njia moja usiku kucha hadi alfajiri. Hakutaka kuupiga kwenye kumbi zenye mabango ya taa. Alitaka chini kwa chini, mahali ambapo anwani inatumwa kwa simu saa tatu usiku, na mlangoni kamera ya simu yako inabandikwa karatasi ili kilichotokea ndani kibaki ndani. Alikuwa ameshapata mahali, ghala la chini ya kiwanda cha uchapaji kilichofungwa zamani. Watu wakapaita Shimoni. Kilichokosekana ni maboksi.

Koili aliyajenga. Alichora kwa chaki sakafuni, akakata mbao, akagundisha, akatandika mablanketi chakavu ndani ili sauti isigongegonge. Ilimchukua Jumapili za miezi saba. Baba yao alikuwa mgonjwa tayari, hawezi kuinua msumeno, lakini kila boksi lilipokamilika aliletewa chuma cha moto akachora msokoto wake nyuma, mkono ukitetemeka. Alichora maboksi manane. La tisa lilipokamilika mzee alikuwa ameshazikwa, na Koili akachora yale manne ya mwisho mwenyewe.

Usiku wa kwanza wa Shimoni, mdogo wake alivua viatu akasimama katikati ya ukumbi, mahali ambapo besi, ule mngurumo mzito wa muziki, ya mnara wa maboksi sita ya kushoto na ya mnara wa sita ya kulia zinakutana. Alisimama wimbo mzima bila kucheza. Kisha akamgeukia dada yake akachora msokoto kiganjani. Kuanzia hapo mahali pale pakawa pake. Wachezaji wote walijua, hata ukumbi ukijaa namna gani, pale katikati hapasimamwi.

Miaka mitano ilikwenda vizuri. Kisha Profesa akaalikwa redioni. Koili aliyasikia mahojiano kupitia redio ya mteja aliyokuwa ametoka kuitengeneza. Mtangazaji aliuliza ni nani aliyejenga maboksi yale yanayosifiwa. "Nimeyachora na kuyajenga mwenyewe," Profesa akajibu, "kwa mikono hii." Na yule mwanamke anayeonekana nyuma ya maboksi kila wiki? Profesa akacheka kidogo. "Yule ni kibarua wetu. Ananisaidia kubeba."

Koili alizima redio, akavaa viatu, akaenda Shimoni. Alikuta maboksi yamepakwa rangi mpya nyeusi, kila moja mbele limechorwa miwani myeupe. Aliligeuza la kwanza. Nyuma palikuwa pamepigwa msasa hadi mbao ikang'aa. La pili vivyo hivyo. Aliyageuza yote kumi na mawili.

"Ni mambo ya biashara, dada," Profesa alisema. "Watu wanataka sura moja. Zikiwa mbili wanachanganyikiwa."

Koili hakutukana. Aliomba ufagio. Alifagia vumbi lote la msasa lililokuwa sakafuni, akalizoa kwenye kopo tupu la kahawa, akatoka nalo kifuani kama mtu aliyebeba majivu ya nyumba yake. Kopo hilo alilipanga kwenye rafu iliyokuwa usawa wa macho, juu ya meza yake ya kazi. Alimwambia mdogo wake kwa mikono neno moja tu: "Usikanyage tena kule." Mdogo akaitikia kwa kichwa.

Miaka mitatu ikapita. Wanasema siku hazigandi, lakini chuki ya Koili iliganda vizuri sana, na kila asubuhi kabla ya kuwasha taa ya meza aliligonga lile kopo kwa ukucha ili vumbi lisishikamane.

Siku ya Jumanne, akiwa katikati ya hesabu, mtu alibisha hodi. Koili hakuitikia. Mgeni akasubiri mlangoni, ameshika spika iliyofungwa kwa shuka, na nyuma yake gari lilikuwa limefunguliwa buti likiwa na nyingine tano.

"Mia moja na kumi na nane," Koili akasema hatimaye, akaufunga uzi. "Karibu, Profesa. Umepotea."

"Mji huu nani hapotei, dada."

"Naona zimekula moto."

"Amplifaya ya kushoto ilichafuka Jumamosi. Zimeungua zote sita kama njiti za kiberiti."

"Umepita kwa mafundi wangapi kabla ya kunikumbuka?"

Profesa alivua miwani akaifuta kwa shati. "Watatu. Wa kwanza aliniambia ninunue mpya. Wa pili akasema hizi hazitengenezwi tena popote. Wa tatu akazitazama, akasema hii ni kazi ya Koili, nisimpotezee muda."

"Huyo wa tatu kalelewa vizuri."

"Dada, yaliyopita si ndwele."

"Hata ndwele ikipona inaacha kovu. Unazitaka lini?"

"Jumamosi hii. Wanakuja wageni, waandaaji wa matamasha ya nje. Wanatafuta dijei mmoja wa kuzunguka naye mwaka mzima, pamoja na mitambo yake. Wamesikia habari za maboksi."

"Wamesikia yalijengwa na nani?"

"Wanajua ni ya Shimoni."

"Sikuuliza ni ya wapi."

Profesa alivaa miwani. "Wewe unaelewa mambo ya jukwaa. Mtu akisimama pale juu hawezi kumtaja kila mtu."

"Kweli," Koili akasema. "Koo litakauka."

Alizipokea spika moja moja, akazipanga ukutani, akataja bei yake ya kawaida bila kuongeza hata senti. Bei hiyo ndiyo iliyomtuliza Profesa. Angetozwa mara mbili angeshtuka na kuuliza maswali. Alipokuwa anageuka kuondoka, Koili alifungua droo akatoa betri ndogo ya saa, akaiweka kiganjani mwake.

"Utakapozichukua Ijumaa, uje nayo hii. Kabla ya kuzifunga kwenye maboksi, utajua ya kufanyia nini."

Profesa aliitazama, akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati. "Najua, najua," akasema, na akaenda zake.

Koili alibaki amesimama mlangoni mpaka gari lilipokata kona. Hakuwa amemtega kwa siri. Alikuwa amempa ufunguo wa mtego mkononi. Mtu aliyejenga maboksi kumi na mawili kwa mikono yake angeugusisha ule waya na kujua kila kitu papo hapo. Mtu asiyeyajenga angetembea na betri mfukoni kama hirizi. Ile mikono ndiyo ingemhukumu, na Koili aliona hukumu hiyo ni ya haki.

Alianza kazi Jumatano. Kuviringisha kinyume kulimtesa kuliko alivyodhani. Vidole vilivyofanya kazi upande mmoja kwa miaka ishirini vilikataa katakata. Alipoteza hesabu mara nne kabla ya kukamilisha koili ya kwanza. Aliiwekea betri nyingine. Karatasi ikarudi nyuma, polepole, kama mtu anayekataa mkono wa salamu. Kwa nje hakuna ambaye angetambua lolote: ncha nyekundu ilikuwa nyekundu, nyeusi ilikuwa nyeusi, na spika peke yake iliimba vizuri tu. Zikiwa sita upande wa kushoto, ziliimba vizuri pia. Ni pale zitakapowashwa pamoja na zile sita za kulia ndipo zingevuta pumzi wakati wenzao wanaitoa, na katikati ya ukumbi besi ingekulana hadi isibaki kitu. Naye Profesa asingeisikia kasoro hiyo, kwa sababu mezani pake alikuwa na spika zake mbili ndogo zilizomwelekea usoni.

Koili alipofika kwenye kubandika vifuniko vya katikati ya karatasi, alilishusha kopo la kahawa. Alichota kijiko kimoja cha vumbi la msasa kwa kila spika, akalikoroga kwenye gundi. "Mzee, twende," akasema.

Alhamisi jioni mdogo wake alipitia karakanani kutoka kazini, akaweka mkate mezani, na kwa mazoea ya utotoni akanyoosha kiganja kwenye spika iliyokuwa inajaribiwa. Koili akamdaka mkono.

"Gundi mbichi," akamwambia kwa alama.

Mdogo akaitazama gundi, akamtazama dada yake. "Jumamosi nina zamu ya usiku," akasema kwa mikono. "Hoteli imejaa wageni."

"Chukua sweta."

Jioni hiyo kila mmoja alimdanganya mwenzake, na kila mmoja aliaminiwa.

Ijumaa Profesa alikuja, akapiga spika moja moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akalipa, akazipakia. Betri ilikuwa bado kwenye mfuko wa shati. Koili aliliona umbo lake kwenye kitambaa.

Jumamosi usiku alivaa kofia ya marehemu baba yake, akaishusha hadi kwenye nyusi, akaenda Shimoni kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Mlinzi wa mlango, mama mmoja mnene aliyekuwepo tangu mwanzo, alimbandikia karatasi kwenye kamera ya simu.

"Sheria unazijua?"

"Nilizitunga."

Yule mama akainua tochi, akamtambua, akaishusha. "Basi pita, mwenye sheria," akasema taratibu. "Yatafurahi maboksi yako."

Ngazi zilikuwa ishirini na mbili. Chini kulinuka wino wa zamani na jasho jipya. Taa ilikuwa moja, nyekundu, na minara miwili ya maboksi ilisimama pande mbili za ukumbi na miwani yake myeupe. Watu walikuwa wamejaa, wote wakielekea kwenye maboksi kama waumini. Wageni watatu walisimama karibu na meza ya dijei, mmoja wao mwanamke mwenye daftari. Koili alijibanza kwenye nguzo.

Profesa alianza polepole. Sauti kama manyunyu juu ya bati, kisha makofi ya mashine, kisha kama kengele ya mbali. Mori wa ukumbi ukapandishwa, ukapandishwa, watu wakainua mikono wakisubiri besi iwaangukie.

Haikuanguka. Mdundo ulikuwepo, masikio yaliusikia ukigonga kama kidole kwenye sanduku tupu, lakini mwili haukupata chochote. Watu walishusha mikono. Walitazamana. Profesa akaongeza besi. Akaongeza tena. Kadiri alivyoongeza, ndivyo spika zilivyozidi kulana. Taa za amplifaya ziliwaka nyekundu, na bado katikati ya ukumbi ilikuwa kama kula picha ya chakula.

"Leo vipi?" kijana mmoja karibu na Koili alimuuliza mwenzake.

"Labda ni mimi nimechoka."

"Mimi pia nimechoka ghafla. Njoo huku ukutani, huku kuna kidogo."

Koili alifurahi. Tusimpambe: alifurahi hadi meno yakamuuma. Alimwona Profesa akizungusha vifundo, akiinama chini ya meza, akimnong'oneza mgeni mwenye daftari, na mgeni akitazama saa. Alihesabu kimya kimya kwa midomo, kama anaviringisha, kila pigo likiwa mzunguko mmoja wa malipo.

Watu walizidi kusogea kwenye kuta. Ukumbi ulipoachia katikati, akabaki mtu mmoja. Alikuwa mwanamke aliyesimama peku, viatu vyake vimepangwa kando, amevaa sketi ya sare ya dobi, kiganja kifuani.

Mdogo wake.

Koili alimwona akikiondoa kiganja na kukirudisha. Akagusa shingo. Akagusa mbavu za kushoto, kisha za kulia. Akajipiga kifuani kwa ngumi, polepole, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ambayo anajua mwenyewe yumo. Kisha akapiga magoti na kuweka viganja sakafuni, na uso wake ulikuwa uso wa mtoto wa miaka minne anayeamka kutoka kwenye homa na kuona midomo ya watu inacheza bila sauti. Hakuwa anafikiri spika zimeharibika. Alikuwa anafikiri ni yeye.

Furaha ya Koili ikazimika, akaacha kuhesabu.

Kabla hajaondoka kwenye nguzo, mdogo alikuwa ameshainuka. Alikwenda kwenye mnara wa kulia akaweka kiganja kwenye karatasi ya spika. Mdundo ukampiga. Akavuka ukumbi, akaweka kiganja kwenye mnara wa kushoto. Mdundo ukamkimbia. Alirudia mara mbili. Kisha akageuka na kuanza kutafuta uso mmoja gizani, akapekua kofia baada ya kofia, hadi akaikuta ya baba yake.

"Wewe," akasema kwa mikono, kwenye ile taa nyekundu.

"Sikukulenga wewe."

"Mimi niko katikati. Kila Jumamosi niko katikati. Miaka yote mitatu."

"Uliniambia uko kazini."

"Na wewe uliniambia gundi mbichi." "Nilidhani kifua nacho kimekufa. Rekebisha."

"Alifuta alama ya baba."

"Alifuta mbao. Wewe umemnyamazisha baba mwenyewe. Rekebisha."

"Acha kwanza wageni waondoke."

Mdogo alikunja mikono kwapani, na kwa mtu asiyezungumza kwa mdomo, hakuna kufunga mlango kunakozidi huko.

Koili alivua kofia. Alipita katikati ya ukumbi, watu wakimtazama, akaenda nyuma ya mnara wa kushoto. Profesa alikuwa ameshika kipaza sauti, akiwaomba watu wavumilie kidogo, ni hitilafu ndogo ya umeme. Alipomwona akamfuata huko huko, kipaza sauti mkononi.

"Dada, umekuja. Njoo unisaidie, sijui kuna nini."

"Ile betri unayo?"

Aligusa mfuko wa shati. "Ninayo."

"Itumie."

"Ya kufanyia nini?" Profesa akauliza.

Alikuwa amesahau kukizima kipaza sauti. Besi haikuwepo, lakini sauti za juu zilipita safi kama maji, na swali lile likatoka kwenye minara yote miwili, likagonga kuta nne, likarudi. Ya kufanyia nini. Watu wakageuka. Mgeni mwenye daftari akasogea karibu.

Koili alinyoosha mkono, akapewa betri. Alichomoa waya wa spika moja ya kushoto, akagusisha. "Tazama karatasi. Imerudi nyuma." Akaenda mnara wa kulia, akagusisha. "Hii imekwenda mbele. Zinakulana. Mtu aliyeyajenga maboksi haya kwa mikono yake angeliona hili jana kabla ya kunywa chai."

Alizungumza bila kupaza sauti, na kipaza sauti kilikuwa bado wazi. Profesa alitazama chini. Alifungua mdomo ili kufafanua, kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza tangu aitwe Profesa hakupata la kufafanua.

"Koili za kushoto aliziviringisha nani?" mgeni aliuliza.

"Mimi."

"Kwa bahati mbaya?"

Koili angeweza kusema ndiyo. "Kwa makusudi," akajibu. "Na maboksi niliyajenga mimi pia, na baba yangu."

Mgeni akafunga daftari, bila kuandika jina la mmoja wala la mwingine.

Kurekebisha kulichukua muda wa kufunga kamba za viatu. Koili alizima umeme, akageuza jozi moja ya waya nyuma ya amplifaya ya kushoto, mwekundu ukakaa kwa mweusi. Aliporudisha umeme, besi ilishuka kwa uzito wake wote. Vumbi likadondoka darini. Watu walirudi katikati kama maji yanayorudi bondeni, wakaacha, kama ilivyo desturi, nafasi ya mtu mmoja. Mdogo mtu alisimama pale, macho amefumba, akacheza hadi alfajiri. Hakumwangalia dada yake hata mara moja, na walipotoka alitembea mbele yake hatua kumi njia nzima hadi nyumbani.

Profesa hakupata safari. Alipata jina jipya. Tangu usiku ule, wachezaji wa Shimoni wanamwita Ya Kufanyia Nini, na hata akiingia dukani kununua kiberiti hakosi mtu wa kumuuliza ni ya kufanyia nini. Bado anapiga muziki pale, maana kupiga anajua, hilo Koili mwenyewe halikatai. Ila miwani imefutwa kwenye maboksi. Mama wa mlangoni alimwomba Koili arudishe misokoto, naye akachoma kwenye yale manne yake tu. Manane ya baba aliyaacha wazi. Mkono wa mtu, alisema, hauigizwi.

Mdogo wake alikaa siku tisa bila kumwinulia hata kidole. Siku ya kumi aliingia karakanani akitoka kazini, akafungua droo, akazichukua betri zote za saa, akaziweka kwenye mkoba wake. Tangu hapo hakuna spika inayotoka karakanani kabla yeye hajaja kuipima. Wateja wanasubiri hadi saa kumi na moja jioni zamu ya dobi iishe. Anaingia, anagusisha waya, anaweka kiganja, na ndipo anaitikia kwa kichwa. Koili husimama pembeni kama mwanafunzi anayesubiri daftari lisahihishwe, na hajawahi kulalamika.

Mchonga funguo aliwahi kumuuliza kama anajutia.

Koili alikuwa anahesabu. Alimaliza kwanza, akafunga uzi.

"Ningerudia," akasema. "Ila safari hiyo ningehakikisha kwanza aliyeko katikati ni nani."

Kopo la kahawa bado liko rafuni. Ndani limebaki vumbi la vijiko vitatu au vinne, na kila asubuhi analigonga kwa ukucha.